Matema, Ikombe na kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa Mbeya, msimu wa likizo ukikaribia simu zinaanza: ndugu wa Dodoma, mwenzako wa chuo aliyeko Dar, shemeji aliyeona picha mtandaoni. Wote wanataka kujua Matema kukoje. Majibu ninayowapa ni haya, na niseme mapema msimamo wangu: ufukwe wa Matema ni mzuri, lakini ukiishia hapo umepiga hodi tu bila kuingia ndani. Utamu wa pwani ile unaanzia pale lami inapokomea.

Matema iko wapi hasa?

Iko Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Ishike hiyo kona, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Magharibi ni bonde la Kyela, tambarare ya mpunga, kakao na michikichi, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imekuwa ikishusha udongo kutoka milimani tangu enzi na enzi. Mashariki hakuna tambarare kabisa. Milima ya Livingstone imesimama wima kutoka majini, na vilele vyake vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari wakati ziwa lenyewe liko chini ya mita 500.

Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Ardhi ilikatika, upande mmoja ukabaki juu na mwingine ukazama, na ziwa likajaa pale palipozama. Ndiyo maana ukisimama mchangani Matema unaona nchi mbili kwa mpigo: huku mashamba, kule ukuta wa mawe na misitu. Na ndiyo maana upande wa milima maji huwa marefu hatua chache tu kutoka ufukweni.

Watu wanasema ni kama bahari. Wanatia chumvi?

Chumvi ndiyo hasa haipo. Maji ni baridi, ya kunywa kwa samaki na kwa binadamu aliyeyachemsha. Mengine ni kweli. Ziwa lina urefu unaokaribia kilomita 580 na kina kinachofika mita 700 hivi sehemu zake za ndani. Ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Upepo wa kusini ukivuma, mawimbi hupata nafasi ndefu ya kujikusanya kabla ya kufika Matema, na usiku kishindo chake kinasikika vyumbani. Samaki wake ni wa aina nyingi kuliko ziwa lingine lolote duniani, na aina nyingi hazipatikani kwingine. Wale wadogo wa rangi ya bluu na njano unaowaona kwenye matangi ya vioo mahotelini, asili ya wengi wao ni humu.

Nifikeje kutoka Mbeya mjini?

Kwa gari binafsi, toka Uyole uingie barabara ya kwenda mpaka wa Malawi. Utapanda hadi Isongole, ambako baridi na ukungu ni jambo la kawaida hata mchana, kisha uteremke Kiwira na Tukuyu. Ukiendelea kushuka utafika Kikusya, kabla ya Kyela mjini. Hapo kata kushoto kuelekea Ipinda hadi Matema. Kipande hicho cha kilomita 39 kina lami. Safari nzima ipangie saa tatu hadi nne. Kwenye ramani utaona ni karibu, lakini barabara ya Tukuyu ina malori mengi ya Malawi, kona nyingi na askari wa usalama barabarani ambao nao wana kazi yao.

Kwa usafiri wa umma, kosta za Mbeya kwenda Kyela zipo mchana kutwa. Ukifika Kyela ulizia gari za Ipinda na Matema. Jioni zinapungua sana, kwa hiyo anayetoka Mbeya baada ya saa nane mchana ajiandae kupanda bodaboda kipande cha mwisho au kulala Kyela. Anayetoka Dar hana haja ya kushuka Mbeya: yapo mabasi yanayofika Kyela moja kwa moja. Wa ndege hushukia Songwe, na wa treni hushukia Mbeya, stesheni ya TAZARA.

Kuna njia ya zamani inayotoka Tukuyu kupitia Masoko hadi Ipinda. Ni fupi na inapendeza, migomba kushoto na kulia. Kiangazi nenda nayo. Masika usiijaribu na gari dogo.

Njiani nisimame wapi?

Chagua kimoja, kisha endelea na safari. Wanaosimama kila mahali hufika Matema usiku, wamechoka, na ufukwe wenyewe hawauoni.

Rahisi kuliko vyote ni Daraja la Mungu, mwamba wa asili unaovuka Mto Kiwira, uliotokana na lava ya volkano za huku. Kwenye mto huohuo kuna Kijungu, ambako maji huzungukazunguka kwenye tundu la mwamba kabla ya kutoweka chini. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa kamera.

Ziwa Ngosi ni jambo lingine kabisa. Ni ziwa lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, na ukingo wake unafika mita 2,620. Kuliona lazima upande kwa miguu kutoka upande wa Isongole, katikati ya msitu na mianzi, kisha ghafla unachungulia chini na kuona maji ya kijani yasiyo na njia rahisi ya kuyafikia. Lipe nusu siku, tena asubuhi, kwa sababu mchana mawingu hulifunika. Ningelifanya safari yake yenyewe badala ya kulibananisha na Matema.

Ukipita njia ya zamani, Masoko ina ziwa dogo la kreta pia. Wajerumani waliweka kambi pale, na wazee wanasimulia kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa mali zao majini wasije Waingereza wakazichukua. Majengo ya enzi hiyo bado yapo. Habari ya dhahabu ichukue kama hadithi ya wazee.

Ufukweni Matema kwenyewe kuna nini?

Mchanga, mitumbwi iliyopigwa ubavu, watoto, nyavu zilizoanikwa na usipa, dagaa wa ziwa hili, waliotandazwa juani. Pia kuna kitu kimoja ambacho wageni hawakitegemei: jua la asubuhi linachelewa. Milima iko mashariki, kwa hiyo kunapambazuka mapema ila jua lenyewe hulioni mpaka liruke ukuta ule. Jioni ni kinyume chake. Upande wa magharibi uko wazi, jua linazama taratibu juu ya tambarare ya Kyela na mwanga wake unaugonga mlima hadi mawe yanageuka mekundu. Kama unapiga picha, pumzika asubuhi ufanye kazi jioni.

Zaidi ya hapo, mchana mmoja unatosha. Msongamano wa disko na nyama choma mchangani upo siku za sikukuu, na kwa maoni yangu ndizo siku za kutokwenda.

Hiyo Ikombe mnayoisifia ni kitu gani?

Ni kijiji cha Wakisi kilichokaa kwenye rasi ndogo kusini-mashariki mwa Matema, mahali mlima unapotoa kidole kuingia ziwani. Kwa miaka mingi kijiji hiki kiliishi bila barabara ya gari. Mtu, mgonjwa, saruji, mchele, vyote vilipita ama majini ama kwenye njia nyembamba ya miguu inayokata ubavu wa mlima. Ukiitembea njia hiyo ndipo unaielewa pwani hii. Inapanda juu ya mawe makubwa, inashuka kwenye vighuba vyenye mchanga wa kutosha mtumbwi mmoja au miwili, inavuka vijito vinavyoporomoka kutoka juu. Kuna mahali maji ni meupe hadi unahesabu mawe ya chini, na samaki wa bluu wanazunguka kati yake.

Mtu asiye na mzigo hutumia saa moja na nusu hadi mbili. Ondoka saa kumi na mbili au moja asubuhi, mlima ukiwa bado unakupa kivuli. Chukua kijana wa Matema akuongoze. Sababu siyo kupotea, maana ziwa liko kulia kwako muda wote. Sababu ni kwamba bila yeye utapita katikati ya mashamba ya mihogo na nyua za watu bila kujua unayempita ni nani. Kurudi, panda mtumbwi au boti. Pwani hiyo ikitazamwa kutoka majini ni nyingine kabisa: ndipo unapoona mlima wote, toka mizizi ya miti iliyoshika mwamba hadi kilele.

Kazi kubwa ya Ikombe, mbali na uvuvi, ni ufinyanzi, na wafinyanzi ni wanawake. Udongo unakandwa, chungu kinajengwa kwa mikono bila gurudumu, kinalainishwa, kinapakwa udongo wa rangi, kinaanikwa, kisha kinachomwa kwenye moto wa wazi. Ukikuta kina mama wapo kazini, salimia, kaa pembeni, subiri uulizwe. Usianze na simu usoni mwa mtu. Wao wako kazini, na wewe ndiye uliyeingia uani kwao. Ukitaka picha, omba, na ukishapiga nunua walau chungu kimoja kidogo.

Wamisionari wa Kijerumani waliweka kituo hapa mwishoni mwa karne ya 19, na serikali ya Kijerumani nayo ikajenga boma lake la kwanza kwenye pwani hiyohiyo ya mlima, likaitwa Langenburg. Malaria ikawasumbua, wakahamia kwenye baridi ya Tukuyu, ambayo waliibatiza Neu-Langenburg. Ukiumwa na mbu ukiwa Ikombe utawaelewa.

Gulio la vyungu ni siku gani?

Jumamosi, asubuhi, kijiji cha Lyulilo. Ni mwendo wa kama kilomita mbili kutoka Matema ukifuata ufukwe upande wa mlima. Mitumbwi inatoka Ikombe imesheheni vyungu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, majani yakiwa katikati visigongane, na wanunuzi wa jumla wanasubiri. Kutoka hapo vyungu vinasambaa Kyela, Tukuyu, Mbeya na hata ng'ambo ya mpaka. Ukiona chungu chekundu chenye madoido kando ya barabara Tukuyu au Uyole, uwezekano mkubwa kilianza safari yake kwenye mtumbwi huo.

Fika mapema. Saa tano hivi vile vizuri vimeshaondoka na waliobaki wanazungumza habari za samaki. Kupatana bei kunaruhusiwa, lakini fikiria kazi uliyoiona Ikombe kabla hujaanza kukata.

Nikinunua chungu, nakifikishaje nyumbani, na nakianzaje?

Kijaze nguo ndani, kizungushie kanga nje, kisha kikae mapajani mwako, siyo kwenye buti. Kondakta akikwambia "weka juu tu mama, hakivunjiki", mshukuru na ukishike mwenyewe.

Nyumbani usikipeleke motoni kikavu. Kiloweke usiku kucha, halafu chemsha humo uji mwepesi kwa moto mdogo mpaka wanga uzibe vitundu vya udongo. Mwaga, kausha. Baada ya hapo maharage yake hutayasahau. Kwenye jiko la gesi anza na moto wa chini kabisa. Kwenye mkaa kinafurahi zaidi.

Zaidi ya Ikombe naweza kwenda?

Unaweza, na hapo safari inabadilika kutoka matembezi kuwa safari kweli. Ukiendelea kusini unaingia Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe: Lumbila, Kilondo, Makonde, Lupingu, hadi Manda karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu. Vijiji vimebanwa kati ya mlima na maji, mashamba ya mihogo yamening'inia kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare za Mbarali asingethubutu kushika jembe. Ziwa ndilo barabara yao.

Njia ya kistaarabu ni meli. MV Mbeya II, iliyojengwa hapahapa Kyela, inabeba abiria 200 na mizigo tani 200, na imetengenezwa kwa ajili ya bandari za ziwa hili, kutoka Kyela hadi Mbamba Bay upande wa Ruvuma. Ratiba ya meli za Nyasa hubadilika kwa matengenezo na hali ya hewa. Piga simu au fika bandarini Kyela uulize kabla hujaomba likizo kazini. Ratiba uliyoikuta mtandaoni inaweza kuwa ya miaka iliyopita.

Ukipanda, kaa upande wa kushoto unapoelekea kusini. Saa nyingi utakuwa unatazama Milima ya Livingstone ikipita polepole, na kila kituo mitumbwi inakuja kupokea watu, kuku na magunia.

Liuli na Mbamba Bay nako ni safari hiyohiyo?

Kwa meli, ndiyo. Kwa gari, hapana. Barabara haifuati ziwa. Lazima uzunguke Njombe, Songea, Mbinga, halafu ushuke Mbamba Bay kwa lami. Anayetaka pwani tu na ana muda mfupi asichanganye hizi mbili.

Ila mpenda historia Liuli haimwachi. Wajerumani waliiita Sphinxhaven kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ile ya Misri. Agosti 1914, vita ilipoanza Ulaya, manowari ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Aliyeishambulia meli yake alikuwa mtu anayefahamiana naye vizuri. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama pambano la kwanza la majini la vita ile, ingawa upande mmoja ulikuwa umekaa juu ya magogo.

Milima yenyewe inapandika?

Inapandika, na kwa anayependa kutembea ndiyo zawadi kubwa. Juu ya ukuta ule kuna uwanda wa Kitulo, Wilaya ya Makete, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini peke yake. Watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu. Maua hutoka mvua zikishaanza, Desemba hadi Machi, yaani wakati uleule barabara zinapokuwa mbovu. Njia maarufu ya kupanda na gari ni ya Chimala kwenda Matamba, yenye zile kona hamsini na saba.

Kutoka vijiji vya juu kama Bulongwa zipo njia za miguu zinazoshuka hadi ziwani. Wenyeji wamezitumia vizazi na vizazi, wakishuka na viazi na kupanda na samaki. Kwa mgeni ni siku nzima ya kushuka, magoti yanalia, na mwongozaji ni lazima. Unaanza asubuhi umevaa sweta na kumaliza jioni unatafuta kivuli cha mwembe. Kwenye misitu ya milima hii na ya Mlima Rungwe ndiko anakoishi kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtambua mwaka 2003 tu. Usitegemee kumwona. Wawindaji wa zamani wa Rungwe walikuwa wakimtaja siku zote. Wataalamu ndio waliochelewa.

Kuogelea ni salama? Mamba je?

Mbele ya nyumba za wageni za Matema, ambako watu wanaoga kila siku, kuna nafuu. Hatari iko kwenye midomo ya mito, hasa upande wa Lufilyo, ambako kuna matete, mamba na viboko. Sheria yangu ni moja: oga pale unapowaona watoto wa kijiji wanaoga, na wakitoka wote kwa pamoja nawe toka.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mwamba na mchanga wenye mawimbi ni afadhali kuliko ghuba yenye magugu. Afadhali siyo sawa na salama: baada ya wiki kadhaa nenda kapime, dawa yake inajulikana na inapatikana. Malaria ni nzito kuliko Mbeya mjini, tena kwa mbali. Sisi wa kwenye baridi tunasahau chandarua kwa sababu nyumbani mbu ni wachache. Kule usisahau.

Kwenye boti, vaa jaketi okozi. Kama hakuna, shuka. Upepo wa ziwa hili hubadilika ghafla, na mvuvi aliyezaliwa pale akikwambia leo hatutoki, usimwongezee hela ili atoke.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Oktoba kuna ukavu na joto linalovumilika. Tatizo la Juni, Julai na Agosti ni upepo wa kusini: ziwa linachafuka, mitumbwi ya kwenda Ikombe inaweza kulala siku mbili. Septemba na Oktoba maji hutulia, joto linapanda. Kama ningeambiwa nichague mwezi mmoja, ningesema Septemba.

Kuanzia Novemba hadi Mei ni mvua, na Kyela na Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Machi na Aprili mito hufurika bondeni. Lakini Desemba na Januari, baada ya mvua ya alasiri, maporomoko madogo yanajitokeza kote mlimani, na maembe ni ya kumwaga.

Kuna moshi mweusi unatokea katikati ya ziwa. Kuna kitu kinaungua?

Hapana, ni kungu. Ni wadudu wadogo kama mbu, wasiouma, ambao hutoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya ziwa kama nguzo ya moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, funga mdomo na madirisha. Watu wa pwani ya Nyasa huwakusanya, huwakanda na kuwapika vitumbua. Ladha ni kama ya dagaa iliyokolea sana. Ukipewa, onja.

Chakula?

Wali wa Kyela hauhitaji mtetezi. Kinachohitaji kutajwa ni mbasa, samaki mrefu wa fedha ambaye ukimpata mbichi na akachomwa juu ya mkaa na limau, utaacha kusifia sato. Usipa hukaangwa wakavu au huungwa na nyanya. Kuna ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na nyama au maharage. Msimu ukikukuta bondeni, omba ganda la kakao lililoiva: ile nyama nyeupe inayozunguka mbegu ni tamu na chachu kidogo. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela, na bado watoto wengi wa pale chokoleti wanaiona dukani tu.

Migahawa ni michache. Agiza chakula cha jioni saa nane mchana, maana samaki ataenda kutafutwa baada ya wewe kuagiza.

Kulala wapi, na siku ngapi?

Zipo nyumba za wageni ufukweni, ikiwemo hosteli ya Kanisa la Kilutheri, pamoja na gesti za kawaida kijijini na sehemu za kupiga hema. Sikukuu weka nafasi mapema. Siku za kawaida fika tu. Kama umeme ukikatika, jenereta siyo ya kila mahali, hivyo beba tochi.

Usilale usiku mmoja. Panga safari izunguke Jumamosi: Ijumaa fika kabla ya jua kuzama, Jumamosi asubuhi Lyulilo kwenye gulio. Kama una bahati, panda mtumbwi mtupu unaorudi Ikombe, maana wenye vyungu wameshauza. Jumapili asubuhi tembea kwa miguu kurudi Matema, kisha shika gari la Ipinda. Nauli ya mtumbwi wa kurudi ni ya kupatana na haina gharama ya boti ya kukodi.

Kiswahili kinatosha?

Kinatosha kabisa. Ila Kyela ukisema "ndaga" baada ya kupewa kitu, uso wa mtu unafunguka, na "ndaga fijo" ni asante sana. Shikamoo kwa wazee isikosekane, na isirushwe kutoka juu ya bodaboda: simama, salimia, ndipo uulize njia. Ikombe na kusini zaidi wenyeji ni Wakisi, wenye lugha yao, na hawapendi kuitwa Wanyakyusa kwa haraka.

Hela na mtandao?

Toa hela Kyela mjini. Mawakala wa simu wapo Matema lakini salio lao hukata siku za gulio. Mtandao unashika Matema. Ukizunguka kona ya mlima unakuja na kuondoka. Ikombe beba noti ndogo, hakuna atakayekuwa na chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Nikiwa kule, naweza kuchungulia Malawi?

Kwa macho, siku isiyo na ukungu, unaiona milima yake ng'ambo. Kwa miguu au gari, mpaka ni Kasumulu, kilomita chache kutoka Kyela, kwenye daraja la Mto Songwe, na unahitaji hati ya kusafiria. Kwa mtumbwi usijaribu. Mpaka wa majini baina ya nchi hizi mbili una mvutano wa tangu ukoloni, Malawi ikisema uko ufukweni kwetu na Tanzania ikisema uko katikati ya ziwa. Wavuvi wa pande zote wamezoea kuishi na ubishi huo, lakini wewe ukikutwa katikati na begi la mgongoni utakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa ofisa wa uhamiaji.